Poti Nne Ndani ya Kisanduku Kimoja

Hoja ni hii: kisanduku cha intaneti cha nyumbani, kile kinachopokea mawimbi ya mnara wa simu na kuyagawa kwa Wi-Fi sebuleni, kiundwe kikiwa na antena ya poti nne (poti ni mlango wa kuingizia na kutolea mawimbi), kila poti ifanye kazi kuanzia MHz 703 hadi MHz 3800, na vyote vikae juu ya bodi ya sentimita 15 kwa 15. Wapo wanaosema jambo hili linawezekana na tayari liko sokoni. Wapo wanaosema kilichoko sokoni ni namba zilizopigwa chapa kwenye boksi.

Sauti tatu zinajibizana hapa chini. Nimezipanga mwenyewe, kutokana na ubishi unaozuka kila wahandisi wa redio na mafundi wanapokaa meza moja. Mwalimu amesomesha mawimbi na antena hadi mvi zimemjaa, na anaipinga hoja. Mhandisi alikuwa mwanafunzi wake. Sasa anabuni antena, na hoja ni yake. Fundi hupanda minara, na akishuka huenda kufunga vifaa majumbani mwa watu. Mimi si refa. Nina upande, na nitausema.

MHANDISI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Haya, itetee.

MHANDISI: Naanza na mteja. Oktoba 2022 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, ilinadi masafa ya MHz 700, 2300, 2600 na 3500. Kabla ya hapo makampuni yalikuwa yakitumia 800, 900, 1800 na 2100. Leo mnara unaweza kuzungumza na kifaa kimoja kwa bendi mbili au tatu kwa pamoja ili kasi ijumlishwe. Kwa hiyo antena nyembamba, inayohamishwa kwa swichi kutoka bendi hii kwenda ile, hainifai: swichi ikikaa kwenye 700, bendi ya 900 haisikiki. Nataka antena pana, inayosikia zote saa ileile. Na nataka nne. Telatar mwaka 1995 na Foschini mwaka 1996, wote wa Bell Labs, walionyesha kwa hesabu kwamba mawimbi yakifika kwa njia nyingi, yakigonga kuta na kuruka, uwezo wa mawasiliano hukua kadiri antena zinavyoongezwa pande zote mbili, bila kuongeza masafa wala nguvu. Masafa hayaongezeki, Mwalimu. Watu wanaongezeka.

MWALIMU: Sina ugomvi na Foschini. Ugomvi wangu ni na hizo sentimita 15. Wimbi la MHz 703 lina urefu wa karibu sentimita 43. La MHz 3800 halifiki sentimita 8. Unataka chuma kilekile kiyahudumie yote mawili, tena mara nne. Unawakumbuka Wheeler na Chu?

MHANDISI: Nawakumbuka. 1947 na 1948.

MWALIMU: Basi mwambie Fundi walichosema.

MHANDISI: Kaka, antena yoyote huhifadhi nishati pembeni yake na hurusha nyingine iende zake. Uwiano wa ile inayobaki kwa ile inayokwenda tunauita Q. Q ikiwa kubwa, antena inafanya kazi kwenye ukanda mwembamba wa masafa. Chu alizungushia antena tufe la kuwaza, akathibitisha kwamba tufe likiwa dogo kulinganisha na wimbi, Q haiwezi kushuka chini ya kiwango fulani, hata ubuni kwa ufundi gani.

MWALIMU: Sasa tutie namba. Bendi ya 28 inaanzia MHz 703 na kuishia 803, yaani upana wa MHz 100. Weka antena ndani ya tufe lenye nusu kipenyo cha sentimita 5. Q ya chini kabisa ni kama 3.3, na kwa SWR, kile kipimo cha wimbi linalorudi, ya 2, bila saketi ya ziada ya kulinganisha, upana unaopata ni kama MHz 160. Inatosha. Punguza nusu kipenyo kiwe sentimita 2.5. Q inaruka hadi karibu 19, na upana unabaki MHz 28. Umepunguza ukubwa nusu, ukapoteza zaidi ya robo tatu ya bendi. Na huo ni mpaka wa juu. Antena ya kweli hukaa chini yake.

FUNDI: Ngoma ndogo haitoi sauti nene.

MWALIMU: Ndiyo hivyo, na hakuna programu ya kompyuta itakayoibadilisha.

MHANDISI: Hesabu ni sahihi, Mwalimu, ila tufe umelichora pasipo pake. Kile kipande cha shaba kwenye kona ya bodi, kwenye MHz 700, hakirushi mawimbi chenyewe. Kazi yake ni kuichokoza bodi. Mkondo unatapakaa kwenye bamba zima la ethi, na bamba hilo ndilo linalorusha. Harrington na Mautz walitupa mwaka 1971 hesabu ya kutafuta namna ambazo chuma cha umbo lolote hupenda kutetemeka, kabla hujakichomeka waya. Chuma cha sentimita 15 ni nusu ya wimbi la GHz 1. Kwa hiyo tufe lichorwe kuzunguka bodi nzima, na nusu kipenyo chake kinapita sentimita 10. Chu hajavunjwa. Amepewa kipimo sahihi.

Hapa nampa Mhandisi alama zote. Wanafunzi wengi huchora antena kama kitu kinachopachikwa juu ya kifaa, kisha wanashangaa kifaa kikibadilisha umbo tu, antena nayo inabadilika. Juni 2010 Apple ilitoa iPhone 4, ambayo fremu yake ya nje ya chuma cha pua ndiyo ilikuwa antena. Kiganja kilipofunika mwanya mdogo ulio chini upande wa kushoto, mawimbi yalidhoofika, na tarehe 16 Julai kampuni iliita waandishi wa habari na kuahidi vifuniko vya bure. Bodi, betri, mkono wa mtumiaji, meza ya chuma chini ya kisanduku: vyote ni sehemu ya antena, mbunifu akipenda asipende. Anayekiri hilo mapema hubuni vizuri zaidi. Lakini kukiri huko kuna gharama, na Mwalimu aliiona kabla sijaiona.

MWALIMU: Vizuri sana. Umesema bodi ndiyo antena. Zipo bodi ngapi ndani ya kisanduku chako?

MHANDISI: Moja.

MWALIMU: Na poti?

MHANDISI: Nne.

MWALIMU: Kwa hiyo poti nne zinachokoza chuma kimoja. Kwenye 700, bodi ya mraba ya ukubwa huo ina namna mbili tu za maana za kutetemeka: mkondo wa kulia na kushoto, na mkondo wa juu na chini. Poti ya kwanza imechukua moja, ya pili imechukua nyingine. Ya tatu na ya nne zitatetemesha nini?

MHANDISI: Zitagawana na zile mbili.

MWALIMU: Zitagawana, yaani zitanyang'anyana. Poti zikiwa na mtengano wa hasi desibeli 10, asilimia 10 ya nguvu unayoitia poti moja inaishia kwa jirani na kuwa joto kwenye saketi yake. Watu husema asilimia 10 si kitu. Ila wewe una majirani watatu. Asilimia 30 imekwenda kabla wimbi halijatoka kwenye boksi.

MHANDISI: Mtengano unatengenezwa. Zipo mbinu. Waya mwembamba wa kufuta mwingiliano, kama ule Diallo na wenzake wa Nice waliouonyesha mwaka 2006: unachukua sehemu ya mkondo wa antena ya kwanza, unaupeleka kwa ya pili ukiwa umepinduka, na mikondo miwili inauana. Unaweza pia kuchonga nyufa kwenye bamba la ethi ili mkondo uzunguke. Unaweza kuzigeuza antena, moja imesimama na nyingine imelala, ili kila moja ishike mawimbi ya mkao wake.

MWALIMU: Waya wa kufuta una urefu, na urefu huo unalingana na masafa gani?

MHANDISI: Yale uliyoukatia.

MWALIMU: Na pembeni yake?

MHANDISI: Unaweza kuongeza badala ya kufuta. Najua. Kwenye bendi pana waya huo peke yake hautoshi, na nyufa nazo ni hivyohivyo. Mkao wa wimbi ndiyo mbinu inayohimili upana. Lakini Mwalimu, umekaa kwenye 700 kana kwamba ndiyo dunia nzima. Panda nami hadi 3500. Huko wimbi lina sentimita 8.6. Antena zangu ziko kwenye kona nne za bodi, umbali wa karibu sentimita 15, zaidi ya wimbi moja na nusu. Bodi ileile ina namna nyingi za kutetemeka. Mtengano wa hasi desibeli 20 huko si ndoto. Tatizo lako ni la chini tu.

Ubishi wa namna hii mara nyingi huishia hapa, kila mtu ameshika nusu yake ya bendi. Mimi siachi hapa, kwa sababu lipo jambo linalopita katikati ya nusu hizo mbili na ambalo wabunifu wengi hulikwepa. Jambo lenyewe ni nishati inayopotea ndani ya antena.

Kipimo kinachopendwa kuliko vyote ni kile cha wimbi linalorudi kwenye poti. Grafu ikishuka chini ya hasi desibeli 10, maana yake ni asilimia 10 tu ya nguvu iliyorudi, na mbunifu anatangaza bendi pana. Asilimia 90 imeingia. Imeingia, lakini imekwenda wapi? Kizuizi cha omu 50, kile kidogo kinachofungwa mwishoni mwa waya, hakirudishi karibu chochote kwenye masafa yote haya. Kwa grafu hiyo pekee, ni antena pana kuliko zote. Na hakirushi mawimbi hata kidogo. Kinapata moto tu.

Kati ya kizuizi hicho na antena nzuri kuna safu ndefu ya vitu vinavyouzwa kwa jina la antena. Bodi ya FR4, ile ya kijani ya bei nafuu inayotumika karibu kila mahali, hula mawimbi yanayopita ndani yake, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo inavyokula zaidi. Kila nishati inayoliwa hushusha Q. Q ikishuka, bendi inapanuka. Kwa hiyo antena mbovu, yenye hasara nyingi, huonekana kwenye grafu kuwa pana kuliko antena safi ya ukubwa uleule. Ukipunguza ukubwa ukaona bendi haijabana kama Chu alivyotabiri, usishangilie. Tafuta mahali ambapo nishati inateketea.

Kisha jumlisha hasara zote. Tuseme poti inarudisha asilimia 10, majirani watatu wanachukua asilimia 30, na bodi inakula moja ya tano ya kilichobaki. Kinachotoka hewani ni asilimia 48. Chini ya nusu. Mtu ananunua kifurushi kwa fedha yake ya mboga, anakaa sebuleni, na kisanduku chake kinaziba nusu ya sikio. Hataambiwa. Ataambiwa mtandao uko chini.

MHANDISI: Mwandishi, sisi pia tunapima kama poti zinategemeana. Kigezo kinachotumika sana ni kwamba uhusiano kati ya poti mbili uwe chini ya 0.5. Miundo yangu ina 0.01.

MWALIMU: Umeipataje hiyo 0.01?

MHANDISI: Kwa vipimo vya poti. Fomula ya Blanch na wenzake, ya mwaka 2003.

MWALIMU: Sharti la fomula hiyo ni nini?

MHANDISI: Antena isiwe na hasara.

MWALIMU: Na umeiweka juu ya FR4.

MHANDISI: Nimeiweka juu ya FR4.

MWALIMU: Chukua tena kile kizuizi cha omu 50. Weka vinne juu ya meza, pima poti zao, tia kwenye fomula. Utapata uhusiano sifuri. Poti nne zisizotegemeana hata kidogo, na hakuna anayesikia chochote. Hesabu ya kweli ianzie kwenye umbo la mawimbi yanayotoka kila upande, poti kwa poti.

FUNDI: Samahani, Mwalimu. Naomba niingie hapo penye mawimbi yanayotoka kila upande, maana ndipo ninapoitwa. Mteja ananiambia kifaa ni cha poti nne lakini hakiendi. Naenda. Nyumba ni ya matofali ya saruji, paa la mabati, na kisanduku kiko kwenye kabati la televisheni, nyuma ya televisheni yenyewe. Nakitoa, nakipeleka dirishani, kasi inapanda. Siku nyingine naitwa nje ya mji, uwanda mtupu, mnara unauona kwa macho. Nguvu ya mawimbi ni nzuri ajabu, lakini programu ya kupimia inaniandikia mikondo miwili tu ya data. Minne haiji hata nikigeuza kifaa vipi. Dada, kwa nini?

MHANDISI: Kwa sababu kule uwandani wimbi linakuja kwa njia moja, moja kwa moja kutoka mnarani. Hesabu ya Foschini inadai njia nyingi. Mahali penye majengo mengi, Kariakoo kwa mfano, kuta zinakupa njia hizo bure. Uwandani kinachobaki ni mikao miwili ya wimbi, kwa sababu antena za mnara hurusha mkao wa nyuzi 45 kulia na nyuzi 45 kushoto. Mikao miwili, mikondo miwili.

FUNDI: Kwa hiyo kule mteja amelipia poti mbili za bure.

MHANDISI: Si za bure kabisa. Poti nne zinakusanya nguvu zaidi kuliko mbili, na mawimbi dhaifu yanasomeka vizuri. Ila kweli, kasi haiwi mara nne.

FUNDI: Na kingine. Kuna antena za fimbo, ndefu, zinauzwa kama za bendi zote. Nikizifunga, 4G ya chini inakuja vizuri, 5G inakataa. Nikiilaza fimbo kidogo, 5G inakuja.

MWALIMU: Umegundua kwa mkono jambo ambalo wengine wanahitaji mtihani kulijua. Fimbo nyembamba iliyosimama juu ya bamba pana, yenye urefu wa robo wimbi kwenye 703, ina sentimita 10.7. Kwenye 3500 fimbo hiyohiyo ni wimbi moja na robo. Inaweza kulinganishwa ikubali nguvu, na grafu ikapendeza. Lakini mshale wake mkuu umeacha upeo wa macho na kupanda zaidi ya nyuzi 50. Mnara uko mbele ya nyumba, antena inazungumza na dari.

Nimeifikiria sana hali hiyo ya Fundi kuilaza fimbo. Upana wa bendi kwenye poti na upana wa bendi hewani ni vitu viwili, na antena inaweza kuwa na cha kwanza bila cha pili. Mbunifu anayechapisha grafu ya poti peke yake amejibu swali la saketi. Swali la mteja hajaligusa.

MHANDISI: Kaka, na kule juu ya mnara? Huko poti nyingi zimeshinda. Usikatae.

FUNDI: Sikatai. Zamani upande mmoja wa mnara ulikuwa na paneli tatu za antena, kila bendi na yake. Mwenye mnara anatoza kwa nafasi na kwa upepo ambao paneli inashika. Sasa paneli moja yenye poti 12 inafanya kazi ya zile tatu. Nashukuru, mpaka siku ya kuipandisha, maana inaweza kupita kilo 40. Na konekta 12 zimebanana chini yake, spana haigeuki. Moja ikilegea, au ikiingia unyevu na kutu, kazi inaanza.

MWALIMU: Mweleze mwenzio kutu inafanya nini.

FUNDI: Inachanganya mawimbi. Nikirusha 935 na 958 kwenye waya mmoja, ule mguso mbovu unazaa wimbi jipya: mara mbili 935 toa 958, unapata 912. Na 912 iko ndani ya ukanda ambao mnara unasikilizia simu za watu, 880 hadi 915. Mnara unajipigia kelele masikioni. Ndiyo maana paneli hupimwa kwa mawimbi mawili ya wati 20 kila moja, na kelele hiyo haitakiwi kuzidi hasi desibeli 153 kulinganisha na mawimbi yenyewe. Paneli ikiwa pana, inabeba mawimbi mengi pamoja, na kila skrubu ndani yake ni mahali pa kuzaliwa kelele.

MWALIMU: Lakini paneli hiyo ina urefu wa mita mbili, mwanangu. Wana nafasi ya kupanga. Hawakubanwa kwenye sentimita 15.

MHANDISI: Nimekubali kwamba namba zangu zipimwe upya. Lakini mseme ukweli, nipimie wapi? Chumba kilichopangwa sifongo za kufyonza mawimbi ni ghali mno kwa vyuo vyetu vingi. Nina NanoVNA, kidude cha kushika mkononi. Kinanipa wimbi linalorudi na mtengano. Ufanisi hakinipi.

MWALIMU: Kinakupa, ukiwa na fundi bati. Mwaka 1959 Wheeler alieleza njia yake. Pima ukinzani wa antena ikiwa wazi. Kisha ifunike kwa kofia ya chuma, pima tena. Kofia inazuia mawimbi yasitoke, kwa hiyo kinachobaki ni hasara tupu. Ukipata omu 50 bila kofia na omu 20 ndani ya kofia, ufanisi ni asilimia 60. Ukuta wa kofia ukae mbali na antena kwa kiasi cha wimbi kugawanya kwa mara mbili pai. Kwenye 703 hiyo ni karibu sentimita 7. Sanduku la bati la sentimita 20 kila upande linatosha. Mtaani kuna mabingwa wa kukunja bati kwa usahihi kuliko tunavyowapa heshima.

MHANDISI: Hapana, Mwalimu. Kwa antena ndogo iliyo peke yake, sawa. Lakini tumekubaliana kwamba antena ni bodi nzima. Bodi ya sentimita 15 ndani ya sanduku la 20 inabakiwa na sentimita mbili na nusu kila pembeni. Ukuta utaugeuza mkondo wenyewe ninaotaka kuupima. Nikipanua sanduku hadi 30, sanduku lenyewe linaanza kuvuma kwenye MHz 707. Ndani ya bendi ya 28.

MWALIMU: Tengeneza la 25. Hilo linavuma kwenye 848.

MHANDISI: Likiwa tupu. Bodi ikiingia, mvumo unashuka.

MWALIMU: Unashuka, nawe utauona kwenye grafu kama meno, utayaruka, utasoma kati yake. Hutapata namba ya kupeleka kiwandani. Utapata namba ya kukuambia kama uko kwenye asilimia 70 au 30, na leo hujui hata hilo.

MHANDISI: Nitafanya, na nitaongeza uwanja wa mpira. Dipoli nzuri ya kulinganishia upande mmoja, kifaa changu kwenye kigoda cha mbao kinachozungushwa, nguvu inayopokelewa isomwe kila nyuzi 15. Ni kazi ya jua kali lakini inawezekana.

Hapa ndipo upande wangu ulipo. Vijana wetu wanabuni antena nzuri kwa kompyuta, na kompyuta hizo hazidanganyi kama umeziambia ukweli wote kuhusu bodi, konekta, plastiki ya boksi na waya wa umeme unaoning'inia. Ni nadra kuambiwa wote. Sanduku la bati na uwanja wa mpira vina makosa yao, lakini ni makosa ya dunia ambayo kifaa kitaishi. Andiko la antena lisilo na ufanisi uliopimwa, kila poti, kila bendi, poti nyingine tatu zikiwa zimefungwa omu 50, mimi nalihesabu kuwa halijaisha.

MWALIMU: Sasa turudi kwenye hoja. Poti nne kuanzia 703. Bado?

MHANDISI: Nairekebisha. Kanuni za 3GPP, chombo kinachoweka viwango vya mitandao ya simu, zinadai kifaa cha 5G kipokee kwa poti nne kwenye bendi za n41, n77 na n78, zote za juu ya MHz 2400. Kwenye bendi za chini zinaridhika na mbili. Nilidhani ni uvivu wa kamati. Sasa naona ni zile namna mbili za bodi. Kwa hiyo poti mbili zitashuka mpaka 703, moja kwa mkondo wa kulia na kushoto, nyingine wa juu na chini. Poti mbili zitaanzia 2300 kwenda juu na zitakuwa ndogo sana. Nne juu, mbili chini.

MWALIMU: Hiyo naweza kuisikiliza. Sentimita 15 sijaikubali.

FUNDI: Na mimi nina swali ambalo hamjauliza. Kwa nini sentimita 15? Nani amesema kisanduku kikae kwenye kabati la televisheni?

MHANDISI: Soko. Watu wanataka kitu kidogo, kizuri kutazama.

FUNDI: Watu wanataka intaneti. Nikifunga kifaa nje, ukutani chini ya upenu, mabati hayaingilii, televisheni haiko mbele yake, na hakuna anayekitazama. Dishi la televisheni liko juu ya nyumba ngapi? Nani analalamika kwamba ni kubwa?

MWALIMU: Antena nje, redio ndani?

FUNDI: Hapana, Mwalimu, nimeshaona hasara yake. Watu huvuta waya mwembamba wa RG-58 kutoka nje hadi ndani. Mita tano tu, na mawimbi yamekufa.

MHANDISI: Kweli. Waya huo hupoteza karibu desibeli 1 kwa mita hata kwenye GHz 2.4. Mita tano, umetupa zaidi ya theluthi mbili ya nguvu. Bora redio nzima ikae nje pamoja na antena, na kinachoingia ndani kiwe waya wa mtandao, uleule ukipeleka na umeme.

FUNDI: Basi nipe cha nje. Kivumilie mvua ya masika na jua la kiangazi, kiwe na mshale nje wa kunionyesha kigeuzwe wapi, na boksi liandike kila bendi kinarusha asilimia ngapi.

MHANDISI: Nje naweza kwenda sentimita 25 kwa 25. Kwenye 703 hiyo inapita nusu ya wimbi. Mwalimu?

MWALIMU: Kwa 25 sikupingi kwenye mbili za chini. Kwenye ufanisi nakupinga mpaka nione namba.

MHANDISI: Asilimia ngapi itakuridhisha?

MWALIMU: Sitini, kila poti, 703 hadi 803, boksi likiwa limefungwa na waya umechomekwa.

MHANDISI: Na bamba la nyuma la kufungia ukutani likiwa la chuma?

FUNDI: La chuma. Plastiki inapasuka.

MHANDISI: Basi bamba hilo nalo naliingiza kwenye mchoro tangu mwanzo.